Alikuja na treni: hotuba kuhusu ufashisti kwenye nchi inayopiga kura

Kwa wale mlioshindwa kufika, hii ndo hotuba yote kama nilivyoitoa, nimetoa slaidi tu na sehemu nilizokuwa nakohoa.

Ndugu zangu, wazee wangu mliokaa mbele, vijana mliosimama kule nyuma ukutani, asanteni kwa kuja. Nimeombwa niongelee swali moja, je ufashisti unaweza kuingia kwenye nchi yenye demokrasia? Nchi yenye bunge, yenye magazeti, yenye mahakama, yenye uchaguzi? Jibu ni ndiyo, unaweza, na ningeweza kukaa chini hapa hapa tukarudi makwetu. Lakini hilo neno "kuingia" linanisumbua, kwa sababu ukilisikia unapata picha ya mtu anavunja mlango kwa shoka usiku wa manane. Mlango haukuvunjwa jamani. Ulifunguliwa. Na waliofungua walikuwa ndani ya nyumba, tena watu na heshima zao, watu wa suti, na kila mmoja alikuwa na sababu yake nzuri kabisa.

Ila kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe maana siku hizi tunaitana mafashisti hovyo hovyo. Bosi akikunyima likizo, fashisti. Mzazi akichukua simu ya mtoto, fashisti (kicheko). Tukiendelea hivyo siku tukilihitaji kweli tutakuta limeshachakaa halikati. Dikteta wa kawaida sio lazima awe fashisti. Dikteta wa kawaida anachotaka ni wewe ukae kwako, ufunge mdomo, umwachie nchi yake. Fashisti hataki ukae kwako! Anataka utoke, uvae sare, uimbe, upige mguu barabarani na wenzako elfu kumi. Anakwambia taifa lenu ni mwili mmoja, mwili huo uliaibishwa, kuna watu fulani mnaishi nao mtaa mmoja ndo walioutia sumu, na dawa yake ni yeye. Na fujo kwake sio ajali, fujo ndo dawa yenyewe.

Jina limetoka kwenye neno la Kiitaliano fascio, yaani kitu kilichofungwa pamoja, fungu, na alama waliyoichagua ni ile ya Roma ya kale, fimbo nyingi zimefungwa kwa kamba. Sisi tunasema umoja ni nguvu, si ndiyo? Sasa mtu akikuonyesha hizo fimbo utakataaje? Inapendeza kabisa. Ndo maana watu walivutika, tusijifanye walikuwa wajinga. Lakini ukiiangalia vizuri ile alama, katikati ya zile fimbo kuna shoka limechomekwa. Wengi waliangalia fimbo.

Haya, twende Italia.

Mwaka 1919, mwezi wa tatu, Benito Mussolini anaanzisha kundi lake mjini Milano. Mwezi wa kumi na moja mwaka huo huo kuna uchaguzi, anagombea pale pale Milano, mji wake wa siasa. Alipata kura ngapi? Hazikufika 5,000. Mji mzima ule! Hakupata hata kiti kimoja, wapinzani wake wakatengeneza jeneza la mzaha wakalipitisha mtaani, wakamzika, wakacheka wakaenda kulala. Nataka mkumbuke hilo jeneza. Kwa sababu miaka mitatu baadaye, mitatu tu, huyo marehemu alikuwa waziri mkuu.

Alifufuliwa na nani? Sio wapiga kura, bado. Kule bonde la mto Po wakulima vibarua walikuwa na vyama vyao vyenye nguvu, wanagoma, wanadai mshahara, wenye mashamba makubwa wameingiwa hofu. Wakaangalia huku na huku wakaona wale vijana wa Mussolini, wa mashati meusi, wanafaa kwa kazi. Wakawapa hela, wakawapa malori. Vijana wanakuja usiku, wanachoma ofisi ya chama cha vibarua, wanachoma ushirika, wanachoma gazeti, kiongozi wa kijiji wanamnywesha mafuta ya nyonyo kwa nguvu mpaka ajiharishie mbele za watu. Na polisi? Polisi sehemu nyingi waliangalia pembeni. Sheria ilikuwepo, mahakama zipo, bunge linakaa, hakuna aliyekuwa amefuta kitu.

Halafu akaja mzee mmoja anaitwa Giovanni Giolitti, na huyu ndo nataka mumshike. Alikuwa amekuwa waziri mkuu mara tano, mjanja wa siasa hakuna mfano, mliberali, sio fashisti hata kidogo. Uchaguzi wa 1921 akawaweka mafashisti kwenye orodha moja na watu wake. Hesabu yake ilikuwa nyepesi, hawa vijana watanisaidia kuwapunguza wajamaa, wakishaingia bungeni watavaa tai, watapoa. Wakapata viti 35 kati ya 535. Tatizo sio hivyo viti 35, ni vichache mno. Tatizo ni kwamba kuanzia siku ile hawakuwa tena wahuni wa malori, walikuwa waheshimiwa.

Kwahiyo Oktoba 1922 wanatangaza wanaandamana kwenda Roma. Nyie mmeona picha, mashati meusi, bendera, wanaume wamenyoosha vifua. Ukweli wa siku ile ni mvua, matope, njaa, maelfu ya vijana silaha zao hovyo, wengine bunduki za kuwindia ndege. Jeshi lilikuwa linaweza kuwatawanya. Waziri mkuu Luigi Facta akaandaa amri ya hali ya hatari, usiku ule ikaanza kutangazwa, ilibaki sahihi ya mfalme tu. Asubuhi ya tarehe 28 mfalme Vittorio Emanuele wa tatu akakataa kusaini.

Na Mussolini mwenyewe alikuwa wapi kwenye hayo maandamano ya kihistoria? Alikuwa Milano. Karibu na mpaka wa Uswisi, maana kama mambo yangeharibika ilikuwa ni kuvuka tu. Alipopigiwa simu kwamba mfalme anakuita uunde serikali, akapanda treni ya usiku, behewa la kulala, akafika Roma asubuhi ya tarehe 30. Mapinduzi gani hayo ya kulala kitandani unaamka umefika? Ndo maana nasema mlango ulifunguliwa. Tiketi alikatiwa.

Serikali yake ya kwanza ilikuwa ya mseto, waliberali walikuwemo, wanasiasa wa Kikatoliki walikuwemo. Bunge likampigia kura za imani. Mwaka uliofuata likapitisha sheria kwamba chama kitakachoongoza kwa angalau robo ya kura kipewe theluthi mbili ya viti. Robo tu jamani! Mbunge mmoja mjamaa, Giacomo Matteotti, akasimama bungeni tarehe 30 Mei 1924 akaeleza moja baada ya nyingine jinsi uchaguzi ulivyoibiwa kwa vipigo. Tarehe 10 Juni wakamteka mchana kweupe mjini Roma wakamuua. Hapo nchi ilitikisika kweli, ile ilikuwa nafasi, mfalme angeweza kumtoa Mussolini na watu wengi walikuwa wanasubiri amtoe. Hakumtoa. Wapinzani wakatoka bungeni kwa hasira wakingoja mfalme aone aibu. Januari 1925 Mussolini akasimama bungeni akasema yote yaliyotokea nabeba mimi, nishitakini. Nani alimshitaki? Hakuna. Kufikia mwisho wa 1926 vyama vingine vyote vilikuwa vimepigwa marufuku.

Sasa Ujerumani, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu kila mtu anafikiri anaijua hii hadithi. Mtu atakwambia Hitler alichaguliwa na watu, basi, demokrasia ikajimaliza yenyewe. Sio hivyo. Tuangalie namba. Uchaguzi wa 1928 Wanazi, chama cha Hitler, walipata asilimia 2.6, viti 12. Mdororo wa uchumi ukaja, viwanda vikafungwa, mwanzoni mwa 1932 watu milioni 6 hawana kazi. Julai 1932 wakapata asilimia 37.3, chama kikubwa kuliko vyote bungeni. Lakini Novemba mwaka huo huo uchaguzi ukarudiwa, wakashuka mpaka 33.1. Walipoteza kura milioni 2 na viti 34 ndani ya miezi minne! Chama hakina hela, wanachama wanalalamika, na mwaka mpya wa 1933 ulipofika kuna magazeti makubwa yakawa yanaandika kwamba hatari imepita. Tena jeneza.

Yaani walimpa nchi mtu anayeshuka, hawakumpa mtu anayepanda. Mnaelewa ninachosema? Wapiga kura walikuwa wameanza kurudi nyuma, na theluthi mbili ya Wajerumani waliopiga kura Novemba hawakumpigia.

Nani alimpa? Kuna mtu anaitwa Franz von Papen, mtu wa farasi na karamu, aliwahi kuwa chansela, yaani mkuu wa serikali, miezi michache akatolewa, akabaki na kinyongo na Jenerali Schleicher aliyemtoa. Tarehe 4 Januari 1933 akakutana na Hitler kimya kimya nyumbani kwa mwenye benki mmoja mjini Cologne. Mpango wake, Hitler awe chansela, Papen awe makamu, na baraza la mawaziri lijae watu wa Papen. Na kweli tarehe 30 Januari Rais Hindenburg alipomwapisha Hitler, Wanazi kwenye lile baraza walikuwa watatu tu pamoja na yeye. Watatu! Papen akawaambia wenzake waliokuwa na wasiwasi kwamba ndani ya miezi miwili tutakuwa tumembana kwenye kona mpaka apige kelele kama panya.

Miezi miwili. Hebu tuhesabu hiyo miezi miwili. Siku ya 28 bunge likaungua moto. Kesho yake, tarehe 28 Februari, rais akasaini amri ya dharura, ikasimamisha uhuru wa magazeti, wa mikutano, siri ya barua na simu, polisi waweze kukukamata bila mashitaka. Amri ya muda. Ikakaa mpaka 1945! Siku ya 52, tarehe 23 Machi, bunge likapiga kura kumpa Hitler na serikali yake mamlaka ya kutunga sheria bila bunge, hata kama zinapingana na katiba. Kura 444 kwa 94. Wabunge wa kikomunisti hawakuruhusiwa kabisa kuingia, walikuwa jela au mafichoni, ukumbi umejaa vijana wa sare wamezunguka viti. Waliokataa ni wajamaa peke yao, na kiongozi wao Otto Wels akasimama mbele ya kelele zote zile akasema uhuru wetu mnaweza kuuchukua na maisha yetu pia, heshima yetu hapana.

Na chama cha Wakatoliki? Hawa kura zao ndo zilikuwa zinahitajika kufikisha theluthi mbili. Walikuwa na mashaka, wakaomba Hitler awape barua, iandikwe kabisa kwamba hatatumia vibaya hayo mamlaka. Wakaahidiwa barua ipo, inachapwa, inakuja. Wakati wa kura umefika, barua haijafika, wakaambiwa iko njiani. Wakapiga kura ya ndiyo. Ndugu zangu hiyo barua mpaka leo haijafika.

Mwezi wa saba chama chao kilikuwa kimeshajivunja na sheria ikasema Ujerumani ina chama kimoja. Mwaka mmoja baadaye, mwisho wa Juni 1934, Schleicher akapigwa risasi nyumbani kwake yeye na mke wake. Ofisi ya Papen ikavamiwa, katibu wake akauawa mle mle ofisini, mtu aliyemwandikia hotuba akauawa, Papen mwenyewe akafungiwa nyumbani. Baada ya hapo Hitler akampa kazi ya kuwa mwakilishi wa Ujerumani kule Vienna. Akaikubali. Akaenda! Kikulacho ki nguoni mwako, sawa, lakini huyu aliishona nguo mwenyewe akaivaa na baada ya kung'atwa akaomba nyingine.

Hapo najua kuna wenzangu wa mrengo wa kushoto mnatikisa vichwa mnasema unaona, hao ndo matajiri na wahafidhina. Ngojeni, sijamaliza. Novemba 1932 wajamaa walikuwa na viti 121 na wakomunisti 100. Jumla 221. Wanazi 196. Umeona hapo? Waliwazidi. Lakini wakomunisti, kwa maelekezo ya Moscow, walikuwa wanawaita wajamaa mafashisti wa kijamaa, adui namba moja, na wajamaa nao hawakuwaamini wakomunisti hata chembe, na kusema kweli walikuwa na sababu, damu ilikuwa imemwagika kati yao mwaka 1919. Sasa sikilizeni mwisho wake. Ernst Thälmann, kiongozi wa wakomunisti, na Rudolf Breitscheid, mmoja wa viongozi wa wajamaa bungeni, wote wawili walifia kwenye kambi ya Wanazi ya Buchenwald, mwezi mmoja, Agosti 1944, mmoja kauawa kwa risasi na mwingine kafa kwenye shambulio la mabomu. Hatimaye walikutana.

Na sisi wengine, watu wa kawaida, tusio na chama wala benki? Mfano mmoja tu, mnisamehe maprofesa mliopo. Mwaka 1931 Italia iliwataka maprofesa wote wa vyuo vikuu waape utii kwa utawala wa kifashisti. Walikuwa zaidi ya 1,200. Waliokataa walikuwa kama 12. Wengi walioapa hawakuwa mafashisti, walijiambia nikiondoka wataweka mbaya zaidi yangu, bora nibaki niwalinde wanafunzi, na ninavyojijua mimi sina uhakika ningekuwa kwenye wale 12. Nina watoto. Kila mtu ana watoto, ndo inavyofanya kazi.

Mtu ataniuliza, basi ni njaa? Watu wakikosa kazi lazima waende huko? Hapana. Marekani kwenye mdororo ule ule ilifika mahali robo ya wafanyakazi hawana kazi, na wakamchagua Roosevelt. Uingereza ilikuwa na Oswald Mosley na mashati yake meusi, hakupata hata kiti kimoja bungeni kwa hicho chama chake. Njaa inaleta kuni. Kiberiti kinashikwa na mtu.

Kwahiyo mimi nikitaka kujua nchi iko wapi simwangalii yule anayepiga kelele jukwaani. Hao wapo kila nchi, kila wakati, hawajawahi kukosekana. Namwangalia yule mzee aliyekaa pembeni yake, mwenye suti, ambaye hampendi wala hamwamini, lakini anapiga hesabu. Huyo ndo mwenye ufunguo.

Na wakati mwingine huyo huyo anakataa. Ubelgiji, 1937, Léon Degrelle, fashisti wa huko, kijana mzungumzaji hodari, mwaka mmoja kabla chama chake kimepata viti 21. Akalazimisha uchaguzi mdogo Brussels akagombea mwenyewe. Waziri mkuu Paul van Zeeland akajitokeza kupambana naye, na vyama vyote, Wakatoliki, waliberali, wajamaa mpaka wakomunisti wakaacha kusimamisha watu wao. Degrelle alikuwa anategemea kura za Wakatoliki. Siku chache kabla ya uchaguzi kardinali akatoa tamko, kumpigia huyu ni marufuku, na kutopiga kura pia hapana. Degrelle akaambulia kama asilimia 19. Kardinali hakuwa mjamaa jamani, wala hakuwa anawapenda wakomunisti. Ila waliotakiwa kufungua mlango walikuwa watu wake, na yeye akaufunga.

Nimalizie na Finland maana hii haisimuliwi sana. Mwaka 1929 kulizuka huko kundi la Lapua, watu wa vijijini waliochukia ukomunisti, wakaanza kuvunja mitambo ya magazeti, kuteka watu, kuwapiga na kuwatupa mpakani upande wa Urusi. Mwaka 1930 rais mstaafu, rais wa kwanza kabisa wa nchi hiyo, K. J. Ståhlberg, alitekwa yeye na mke wake. Kwa shinikizo lao bunge likapitisha sheria ya kuilinda jamhuri, ili itumike kuwamaliza wakomunisti. Na kwa msaada wao P. E. Svinhufvud, mhafidhina hasa, mzee wa kazi, akawa waziri mkuu halafu 1931 akawa rais. Mtu wao. Mambo yote yamekaa kama Roma, kama Berlin.

Mwisho wa Februari 1932 wenye silaha wakakusanyika mji wa Mäntsälä, sio mbali na Helsinki, wanataka serikali ijiuzulu. Wanajua rais ni wao. Tarehe 2 Machi mzee Svinhufvud akaenda kwenye redio. Akawaambia rudini makwenu, atakayerudi kwa amani hataadhibiwa, watashughulikiwa viongozi tu. Hakukuwa na hesabu, hakukuwa na barua iko njiani. Wakakaa siku chache wanatazamana kwenye theluji, jeshi likabaki na rais, wakaanza kuondoka mmoja mmoja, viongozi wakakamatwa. Na kundi la Lapua likapigwa marufuku kwa kutumia sheria ile ile waliyoidai wao wenyewe.

Basi, sauti yenyewe imeshakauka. Maikrofoni ipite, yule dada wa pale dirishani amenyoosha mkono tangu niko Milano, tuanze na yeye.